Bakuli la Pudingi na Sahani ya Bati

Neema mjukuu wangu,

Miaka inapita hujakanyaga kwangu, utadhani huu mtaa wetu wa La Rochelle uko mwezini! Mungu labda amekusamehe, mimi bado. Huku tu wazima. Mjomba wako anashona sare za shule, na ndiye anayeandika haya ninayosema.

Unaniuliza vyombo vina umuhimu gani katika mapishi ya Kiingereza, maana huko London ndiyo masomo yako. Eish! Ujanani nilimpikia madamu mmoja Mwingereza hapa Johannesburg. Pudingi yake haiivi bila bakuli lake zito la udongo: unashindilia unga na mafuta ya ng'ombe, unafunika kwa kitambaa, unakaza uzi, unachemsha mpaka mchana. Kila chombo kilipita mikononi mwangu. Lakini mimi nilikula kwenye sahani ya bati, iliyokaa chini ya sinki pamoja na bakuli la mbwa.

Siku moja nilikwenda kazini na mama yako, bado mdogo. Akachukua kikombe cha madamu chenye maua, akanywa maji. Madamu akamnyang'anya, akakitupa kwenye pipa la taka. Mama yako akaniuliza, "Mama, kwani sisi tunaumwa nini?"

Nikavua aproni, nikaiacha pudingi inachemka, sikurudi tena. Mjukuu wangu, uchungu ule bado ninao.

Jikoni kwenu huko chuoni yuko mtu anayeosha masufuria. Mwangalie anakunywa chai kwa kikombe gani. Ukija, kabla hujavua viatu, uniambie.

Bibi yako