Bi Mkubwa Amekoza Rangi

Jumapili, 2 Machi

...na ndiyo maana nasema sikukosea kuolewa na fundi! Leo nimeamka nimejifunika blanketi mpaka kidevuni. Blanketi — mimi! Mimi niliyekuwa nalala sakafuni kwa mama kwa sababu ya joto. Kabla ya harusi nilimtania kwamba joto ndilo litakalonirudisha kwetu. Kumbe kaenda kufufua kiyoyozi kilichotupwa na mteja wake, kakisafisha, kakifunga chumbani kwetu. Wenzangu hupewa maua. Maua hayapoozi chumba!

Chini ya kiyoyozi, juu ya kabati la nguo, anakaa mke mwenzangu. Wifi ndiye aliyempa jina: Bi Mkubwa. Ni mjusi wa kufugwa, wale wa madoa kama chui, mkia umenona, anaishi kwenye tangi la kioo lenye mkeka wa umeme chini yake. Mume wangu amekaa naye tangu enzi za ukapera. Na huyu ni albino, mwili wake hautengenezi weusi hata chembe. Macho ya waridi! Mwili wake nimeulinganisha na kadi ya rangi ya dukani kwetu (kazi yangu kuuza rangi za nyumba, jicho langu halidanganyiki). Ni "Malai" kabisa, safu ya juu, kule kwa rangi hafifu.

Nimemwambia tutaelewana. Kanitazama, kapiga mwayo.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi kaja na mkate wa moto kutoka kwenye tanuri lake. Akachungulia tangi. "Eh! Bi mdogo kaingia, bi mkubwa kanuna!" Nikacheka. Akaenda zake, nikachukua kadi. Si Malai tena. Ni "Asali", na mgongoni inaelekea pabaya.

Nimemuuliza mume wangu mbona anakoza. Akatazama kipimajoto cha kwenye tangi, akanitazama mimi. Akauliza kama nimelala vizuri. Nimelala kama mtoto! Akasema basi, vizuri, akanibusu utosini. Moyo wangu jamani.

Lakini swali hakulijibu.

Jumatano, 12 Machi

Nimeharibu. Nilidhani Bi Mkubwa ana upweke, chumbani peke yake kutwa nzima. Nikambeba na tangi lake mpaka sebuleni, nimfanyie mume wangu mshangao. Sasa leo ndiyo shangazi zake wamekuja kumwona bi harusi, na watoto juu. Kila mmoja kagonga kioo. Mjomba mmoja aliyewasindikiza akauliza, analiwa? Bi Mkubwa akajichimbia kwenye pango lake la udongo. Alipotoka — "Chai ya Maziwa"! Mbele ya macho yangu!

Mume wangu karudi, kasimama mlangoni na mkoba wa vifaa begani. Hakunifokea. Alisubiri wageni waondoke, akambeba kumrudisha chumbani, akanieleza taratibu kwamba weusi hana, lakini kahawia anayo, na akiogopa inakoza. Kama mtu anayekunja uso, nikasema. Akacheka kidogo. "Yeye hukunja mwili mzima."

Kwa hiyo ananiogopa mimi. Nimelia jikoni, nikasingizia kitunguu. Tulikuwa tunapika wali mtupu.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya leo sitaisahau.

Nilikuwa naenda kuanika nguo uani, beseni mkononi. Mume wangu yuko nyuma ya tangi la maji anaongea na dada yake kwa simu. Anamwambia chumba kilicho nyuma ya tanuri kina joto zuri, tena kimetulia. Hapa kwetu baridi imemzidi Bi Mkubwa, mkeka peke yake haufui dafu. Wifi nadhani alimwambia azime kiyoyozi. Akasema, "Hapana, sizimi. Mwenzangu ndiyo kwanza anapata usingizi."

Kumbe alijua! Tangu siku ile ya Asali! Si mimi — ni baridi yangu. Na yeye kachagua kumtoa Bi Mkubwa, kimyakimya, ili mimi nijifunike blanketi.

Sikujua nilie au nimkumbatie. Nikafanya yote mawili, beseni likaenda chini, nguo zote kwenye mchanga.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungezima."

"Si ndiyo!"

"Ndiyo maana sikusema."

Mtu gani huyu? Nimeolewa na mtu gani?

Jumatatu, 17 Machi

Nilizima kiyoyozi, nikaamka natetemeka: kawasha nikiwa usingizini! Nikaficha rimoti kwenye debe la unga. Fundi hahitaji rimoti — bisibisi tu. Tumekimbizana chumba kizima kama watoto, mpaka nikashikwa na kwikwi.

Kisha tukatazama tangi. Hajala tangu Jumatano. Mkia umeanza kunywea. Rangi ni "Kahawa".

Wifi kaingia bila hodi. "Nyie endeleeni na mahaba yenu, mgonjwa namchukua." Kambeba na mkeka wake, tangi kalifunika kwa kitambaa cha mkate. Mume wangu alimsindikiza mpaka kona. Karudi amechelewa kidogo.

Jumamosi, 22 Machi

Wifi kapiga simu. Bi Mkubwa kala nyenje mmoja, wa pili kamtema. Rangi je? "Kahawia tu, mie sijui majina yenu ya makopo." Halafu akasema akipona hamrudishi, ameshamzoea, na joto la tanuri halina mpinzani. Akacheka. Mume wangu naye akacheka. Kisha akaenda kusugua kile kibakuli cha maji cha Bi Mkubwa kilichobaki hapa. Nilishakiosha mimi. Akakisugua, akakikausha, akakiweka juu ya kabati, pale pale.

Kiyoyozi kimezimwa tangu Jumatatu, chumba kimngoje Bi Mkubwa na joto lake, na bisibisi zote ziko kwa mama yangu. Mchana huu tumelala madirisha wazi, shuka imelowa jasho. Anauliza kwa upole, tuwashe kidogo? Nasema joto liko wapi, mbona mimi sijalisikia? Jasho linaniingia machoni. Amechukua kadi yangu ya rangi, ananipepea nayo. Hata sasa ninapoandika ananipepea, amesinzia nusu, mkono haujasimama.

Kipande cha Malai nimekikata kwenye kadi, kiko kwenye pochi yangu. Nimemwambia wifi asijipe moyo wa kummiliki. Bi Mkubwa, kula wa pili. Kabla mwezi haujaisha ninakuja huko kwenye tanuri mimi mwenyewe, nikuweke kwenye mwanga, nione umefika safu gani.