Maziwa Bila Mtoto

Nyumbani kwa Marehemu Baba Yako,
Chumba cha Mbele,
Jumanne, 14 Machi.

Mpendwa mwana wa kaka yangu,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba ugonjwa unakaa pale unapoonekana. Wakikuta maji yametapakaa jikoni wanailaumu sakafu. Wewe fundi wa mafriji unajua kuliko mimi kwamba maji yale yametoka kwingine, kwenye mrija mwembamba ulioziba huko nyuma ambako mwenye nyumba hajawahi kuchungulia. Kazini unalijua hilo. Kwa mkeo umelisahau.

Nimetanguliza kosa nikachelewesha salamu, na sivyo nilivyokulea. Basi hujambo, mwanangu? Mgongo umepoa? Zile glovu unazivaa, au bado unashika vyuma vya baridi kwa mikono mitupu? Sisi huku ni wazima. Mama yako goti linamsumbua, ila mdomo uko salama. Mimi kidonge changu cha asubuhi nakimeza, na gazeti nalisoma lote bila kusinzia. Nina hasira tu, na hasira haina kidonge.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Mara ya mwisho nilipofika kwenye neno homoni ulisema mtandao ni mbaya, ukakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa nakusikia ukipumua. Barua haikatwi. Nimempa huyu mwenzako wa kazini anayerudi huko kesho, na nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka aone umeifungua.

Nianze na mkeo, ambaye mtaa mzima humwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake. Ulipokuja likizo mwaka jana, siku zake za mwezi zilikuwa zimesimama. Dada yako mkubwa, yule tuliyempa jina la Redio tangu utotoni kwa kuwa hazimiki, alitangaza mimba hadi kwa muuza mkaa. Hakuna aliyempeleka Fundi akapimwe. Nyumba nzima ilipima kwa macho. Wewe ukarudi kazini kifua mbele. Miezi ikapita, tumbo halikuja, na watu wakaanza kumtazama mtoto wa watu kama mtu aliyeazima sufuria akakataa kuirudisha.

Halafu yakaja maziwa.

Redio alikuwa amekwenda kupimwa gauni. Fundi alipoinua mikono kumzungushia futi, blauzi yake ikaonekana ina madoa mawili mabichi.

"We! Hayo nini?"

"Sijui, wifi. Yanatoka yenyewe."

"Maziwa hayatoki yenyewe. Hata ng'ombe huzaa kwanza!"

Kufikia jioni habari ilishatiwa chumvi na pilipili: mimba ilikuwepo, haikuwa yako, imetolewa, ushahidi ni maziwa. Redio akakupigia simu. Nawe, mwanamume mwenye cheti cha ufundi ukutani, hukumuuliza mkeo hata swali moja.

Unajua utaratibu tuliojiwekea tangu uondoke. Ukituma sauti kwenye kundi la familia, simu ya mama yako inawekwa juu ya kabati la vyombo, televisheni inazimwa, sauti inafunguliwa hadi mwisho, na kila aliye ndani anaitwa. Siku ile Fundi naye aliitwa. Alikuja na futi shingoni, anatabasamu, akidhani unamsalimia. Ndipo ukasikika: "Aliyepata mimba bila mimi akaishi bila mimi. Afungashe."

Hakulia. Alirudi kwenye cherehani, akaitoa chini ya sindano ile sare ya shule iliyoshonwa nusu, akaikunja pamoja na pini zake.

"Mmeona?" akasema Redio. "Asiye na hatia angelia."

"Na angelia ungesema ni machozi ya mamba," akasema mama yako.

Hilo ndilo neno pekee la maana lililosemwa sebuleni siku ile. Lako lilikuwa la kipuuzi, na nalisema mimi niliyekufundisha kusoma.

Kwa muda mrefu nilikuwa nimeona mambo mawili. Fundi alikuwa anajigonga mabega kwenye fremu za milango, leo la kushoto, kesho la kulia. Na wateja walikuwa wanarudisha nguo: mfuko mmoja juu, mwenzake chini. Redio alisema mawazo yake yako kwa mwanamume. Mimi nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, na mawazo hayajawahi kumgongesha mtu mlango wa nyumba aliyoizoea. Nikamkalisha kitini, nikamwambia atazame pua yangu, asihamishe macho. Nikainua mikono yangu, mmoja huku mwingine kule, usawa wa masikio yake, nikawa nachezesha vidole.

"Vidole vinacheza mkono gani?"

Akasubiri, macho kwenye pua yangu. Kisha akasema kwa upole, "Inua basi mikono, shangazi."

Mikono ilikuwa juu.

Asubuhi yake tulikuwa hospitali. Wakampima mimba kwanza, na daktari akaeleza kwamba hiyo si kumshuku, ndiyo kanuni. Hakuna mimba. Akaulizwa dawa zote anazotumia, maana zipo zinazoleta maziwa. Hatumii yoyote. Damu ikachukuliwa, na baada ya damu wakapiga picha ya kichwa, ile ya kulala ndani ya mashine inayogonga kama karakana yenu. Tukaenda na kurudi, tukakaa kwenye mabenchi mpaka yakatujua. Sasa nisikilize, na usikate.

Homoni ni amri zinazosafiri ndani ya damu. Nyuma ya macho, chini ya ubongo, kuna tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere, nayo ndiyo inayotuma nyingi ya amri hizo: kwa tezi ya shingo, kwa mayai ya mwanamke, kwa mbegu za mwanamume. Moja ya amri zake inaitwa prolaktini, na kazi yake ni kuliambia titi litoe maziwa. Mama akijifungua amri hiyo hupanda, na ikiwa juu hulizuia yai lisipevuke. Ndiyo maana anayenyonyesha sana huweza kukaa muda bila kuona siku zake. Kwa Fundi, kwenye tezi hiyo kumeota uvimbe. Si saratani. Ni uvimbe mdogo unaopiga kelele ya prolaktini mchana na usiku, na mwili wake mtiifu unaitikia kana kwamba amejifungua jana. Kwa hiyo maziwa yametoka bila mtoto, siku zimesimama bila mimba, kichwa kinauma, na hamu na nguvu vimemtoka. Ungeachwa miaka mingi, hata mifupa ingekonda. Juu kidogo ya tezi hiyo ndipo inapopita mishipa ya macho, na uvimbe ukipanda unaibana. Mtu huanza kupoteza pembeni, kushoto na kulia, na katikati panabaki. Ndiyo milango. Ndiyo mifuko.

Wewe ukiitiwa friji linalogandisha mpaka mboga zimekuwa mawe, unafanya nini? Unatafuta themostati, kwa sababu ndiyo inayoiamuru kompresa isipumzike. Umewahi kuipiga kompresa makofi? Umewahi kuisimamisha mbele ya mama yako ukaiita mzinzi?

Usidhani ni nyumba yako peke yake iliyopatwa na ugonjwa wa homoni. Unakumbuka mwaka ule walimu wenzangu waliponiita Mwalimu Godoro? Nilikuwa nasinzia nikisahihisha, nanenepa bila kula, naona baridi juani, ngozi imekauka kama karatasi ya mtihani. Wakasema uvivu wa uzeeni. Ilikuwa tezi ya shingo imechoka kutoa homoni yake. Kidonge kimoja cha asubuhi kikanirudisha ubaoni, na wale walionicheka hawakurudi kufuta kicheko chao. Mwili ukiharibika amri, watu huona tabia. Hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

Na hapa najua ungekata simu, kwa hiyo nitaandika kwa herufi kubwa kidogo. Daktari anataka wewe nawe ukapimwe huko huko uliko. Njegere hiyo hata wewe unayo. Wanaume nao huota uvimbe kama huo, nguvu zikapungua, mbegu zikapungua, na wengi hugundulika wamechelewa, kwa kuwa mwanamume hana siku za mwezi za kumshtua, na akishtuka hujificha. Sisemi unao. Nasema hujapima, na asiyepima hana haki ya kuhukumu. Mlango wa uzazi una komeo mbili, na nyumba yetu imekuwa ikitikisa moja tu.

Fundi ameanza vidonge. Uvimbe wa aina hii, nashukuru, mara nyingi husinyaa kwa dawa bila kisu. Maziwa yamepungua. Juzi, akiwa ameinamia kitambaa, aliniambia ameiona kona ya pazia bila kugeuza kichwa, nikalazimika kwenda jikoni kutafuta kazi isiyokuwepo. Daktari hakutuahidi mtoto, nami sitakuahidi. Alisema wengi siku zao hurudi, na wengi huzaa, mradi dawa zifuatwe na damu na macho vipimwe mara kwa mara. Akiacha, uvimbe unaweza kukua tena, na safari hii ukala hadi katikati. Mshona nguo asiyeona ni nini, mwanangu? Ni mtu anayesikiliza cherehani ya mwenzake.

Sasa fika ninapokwenda. Kaka yake Fundi anakuja Jumamosi na pikapu kumchukua. Cherehani imeshafunikwa shuka na kufungwa kamba. Kwa wazazi wake ni mbali. Kufikia mashine kama ile ni safari ya siku nzima, na mtu aliyevunjika moyo haifungi safari hiyo. Ataimaliza chupa ya dawa aliyonayo, na baada ya hapo hatajaza nyingine. Nimembembeleza, mama yako amembembeleza. Siku hizi ndiye anayempelekea maji ya kumezea dawa, goti bovu na yote.

Hata Redio amepunguza sauti, ingawa hajazima. Alinijia akakunja kanga, akasema, "Sasa nifanyeje, shangazi? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki," nikamwambia, "lakini sakafu hupigwa deki. Shika tambara."

Akaenda kwa Fundi. Sijui walisema nini mlango ukiwa umefungwa. Alitoka macho mekundu, na muuza mkaa ameniambia kwamba habari ya mimba kutolewa imekanushwa.

Limebaki lako. Nilimwambia Fundi kwamba utampigia, mtazungumza wawili faragha kama watu wazima. Akanitazama kwa yale macho yanayojaribu kurudi.

"Shangazi," akasema, "tusi lilipita kwenye spika. Radhi ipite kwenye sikio?"

Ana haki. Ulimvua nguo mbele ya kabati la vyombo, huwezi kumvika gizani. Na usiniletee habari za heshima ya mwanamume. Baba yako, Mungu amrehemu, aliwahi kumtaka radhi mama yako mbele ya mafundi waliokuwa wanaezeka paa hili hili, wakiwa na misumari mdomoni, na siku iliyofuata walimwita mzee kwa sauti ya juu zaidi. Ulimi hauna mfupa, lakini una mwenyewe, na mwenyewe ndiye huutumia kujenga alichokibomoa.

Najua uko peke yako huko, umechoka, na kwamba ulipoambiwa yale uliumia. Hilo nakupa. Hata hivyo mtu akiumia hupiga yowe, hapigi mke kwa maneno.

Mama yako anakusalimu na anasema utumie dawa ya mgongo. Wadogo zako wote wanakusalimu. Redio anakusalimu kwa sauti ya chini, jambo geni kwake. Fundi hakunituma salamu, nami sitamzulia. Nisalimie huyo mwenzako aliyeibeba barua hii, umpe chai.

Mungu akulindie mikono unayofanyia kazi, akufungulie masikio, na akikujalia mtoto akujalie kwanza kumstahili mama yake.

Mimi shangazi yako nikupendaye, hata leo ambapo hasira imenizidi.

Sasa iweke barua mezani, chukua simu, fungua kundi lile lile la familia, na leo hii, kwa sauti yako mwenyewe, mtake mkeo radhi.