Ukuta wa Nyuma Yako

Shangazi Rukia,

Nyanya anahamia Keroka kesho. Ami Yusuf atakuja kumchukua asubuhi, na vitu vyake vyote vimeingia kwenye mabegi mawili na beseni moja, maana vingine amewagawia majirani hata kabla hawajaomba. Nyumba ya nyuma ya duka tumeirudisha kwa mwenyewe. Macho yake yamezidi kufifia, siku hizi ananitambua kwa sauti na kwa mwendo, na zile ngazi za uani mvua ikinyesha zinamtisha. Kwa hiyo ni sawa aende. Nasema ni sawa, lakini leo nimelia nikikunja mashuka yake.

Wiki tatu zilizopita aliniita akaniambia, "Nitengenezee cha Rukia, nikishike." Nikajua anataka kiberiti chako.

Watu wote waliohama mji huu uliwatengenezea, kila mtu kiberiti chake. Ulimwaga njiti, ukaisimamisha ile droo ndogo ya ndani, ikawa chumba. Kitanda cha vijiti vya meno. Pazia la kipande cha bitana. Sahani na masufuria ulikuwa ukiyachonga kutoka kwa vipande vidogo vidogo vya jiwe laini walivyokuletea wachongaji wa Tabaka kwenye pakiti ya maziwa, na ulivishika kwa kibano cha nyusi huku umezuia pumzi. Sista Akinyi, yule muuguzi wa kutoka upande wa ziwani aliyepanga mlango wa pili, alipopata uhamisho ulimtengenezea chumba chenye viatu vyeupe, chupa ya chai na ndoo ya bluu. Alipokuja kukusalimu mwaka uliofuata ukamwonyesha, akakaa chini kabisa, sakafuni, akakitazama mpaka chai yake ikapoa.

Watu hawakuwamo. Babu alikukataza ukiwa msichana, akisema mwenye kuumba sura ataambiwa Siku ya Kiyama aitie pumzi. Wewe ulilishika hilo bila ubishi na bila kumhubiria mtu. "Pumzi sina ya kuwapa," ulikuwa ukiniambia, "lakini viatu vinatosha kusema nani yumo." Na kweli vilitosha. Mimi ndiye niliyekuwa mbishi, nikikusumbua uweke japo mtu mmoja mdogo, japo kwa mgongo, nawe ukinijibu kwa kuniomba nikusogezee gundi.

Basi nikaanza chako. Nilidhani kitakuwa rahisi kuliko vyote, kwa sababu nani anakijua kile chumba cha duka kunishinda? Tangu darasa la nne Mama alikuwa akiniacha kwako akienda kuuza ndizi sokoni Daraja Mbili, na hata nilipopata kazi hii ya kuchapa barua na kutoa nakala, jioni bado nilipitia kwako. Wewe upande wa ndani wa kaunta, mimi upande wa nje juu ya kigoda, mvua ya saa tisa ikipiga mabati hata mteja akiomba zipu inabidi aonyeshe kwa vidole. Daftari lako la kuchorea likiwa wazi katikati yetu. Kila siku ukurasa mmoja, hata siku ya homa, hata siku ya Idi. Ulichora kilichokuwa mbele yako na ukaandika chini neno moja au mawili. "Mvua." "Vifungo vipya." "Kaja Mama Kerubo, kakasirika."

Nilikusanya madaftari yote, nikayapanga kitandani kwangu, nikaanza kunakili. Nimekuta vitu nilivyokuwa nimesahau kabisa. Ile droo ya vifungo iliyokwama ukawa unaifungua kwa kijiko. Mzani wa plastiki usiopima kitu. Na viatu vyangu. Sikuwahi kuvigundua wakati ule, lakini vimo karibu kila ukurasa chini ya kigoda, kwanza vya shule vyenye kamba iliyofunguka, halafu malapa, halafu vile vya kisigino nilivyovivaa wiki moja tu na wewe ukanicheka. Nimekua ndani ya madaftari yako bila kujua, kuanzia kwenye kisigino kushuka chini.

Kuta tatu nilizimaliza kwa siku nne. Nilikuwa na raha, Shangazi, nikuambie ukweli. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa na raha tangu ile asubuhi uliyotutoka hospitali. Nilikata vifungo kutoka kwa waya wa rangi wa simu, kimoja kimoja, vidogo kuliko ufuta. Nilikuwa nikijisemea kama ulivyokuwa ukisema, taratibu, hakuna anayekimbizwa.

Halafu nikafika ukuta wa nne, ule wa nyuma yako, na nikakwama.

Nilifungua daftari baada ya daftari. Haumo. Haungeweza kuwamo, sasa naona, maana ulikuwa unachora ukiwa umeketi pale pale, na ukuta ule ulikuwa mgongoni kwako. Umechora kila kona ya lile duka isipokuwa mahali ulipokaa wewe. Nikasema si neno, nitaukumbuka, mimi ndiye niliyekuwa nikiutazama. Nikafumba macho. Hakuna kilichokuja.

Ulikuwa na rangi gani? Kulikuwa na rafu? Nilikaa nimefumba macho mpaka gundi ikanikaukia vidoleni. Nilipata aibu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Miaka yote hiyo nimeketi nimeuelekea, halafu nashindwa kukuambia hata kama ulikuwa na msumari.

Nikaenda kuuliza watu, kama mjinga. Salim, mwanawe Ami Yusuf, akaniambia, "Si kulikuwa na kalenda hapo, ile ya duka la mbegu. Mbona unastress?" Nikatengeneza kalenda, herufi zake nikaziandika kwa ncha ya sindano. Nikampelekea Nyanya aiguse, akasema hapana, Rukia hakuweka kalenda pale, pale palikuwa na kioo ili aone wanaoingia akiwageuzia mgongo. Nikabandua kalenda, nikabandika kioo cha karatasi ya ndani ya chingamu. Siku mbili baadaye nikakutana na Mama Kerubo sokoni Nyakoe, yule fundi wa sare za shule aliyekuwa akinunua vifungo kwako, siku hizi anauza mboga, bado anakasirika kama zamani. Akashika mkono wangu kwanza, akaniuliza habari zako zote kama vile umesafiri, kisha akasema, "Kioo? Kioo gani? Hiyo ukuta haikukuwa na kitu. Mimi nilikuwa nasimama hapo kila wiki. Ilikuwa tu ukuta." Halafu akasema "mbuya mono", vizuri sana, nilipomwambia ninatengeneza kiberiti chako, na akageuka kupanga sukumawiki ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Ninayo picha yako moja tu ya pale dukani, kwenye simu. Uliuweka mkono mbele ya kamera, unacheka. Picha nzima ni kiganja na meno.

Mwishowe nikaenda dukani kwenyewe. Sikuwa nimeingia tangu lilipoondolewa vitu. Unajua waliondoa vyote asubuhi moja nikiwa kazini, Ami na Salim, kwa nia njema, ili nisione. Hasira ile bado ninayo kidogo, na wao wanaijua, ndiyo maana Salim huwa ananinunulia soda bila sababu. Sasa ni duka la vifaa vya simu. Kuna binti mmoja mpole anaitwa Nyaboke, kwao ni Nyacheki kwenye mashamba ya majani chai. Nikamwambia naomba nione ukuta wa nyuma. Akanitazama, akafungua kile kilango cha kaunta, akanipisha.

Umepakwa kijani, Shangazi. Kijani kinachong'aa, na juu yake vifuniko vya simu vimening'inizwa kuanzia juu hadi chini. Nikapitisha mkono katikati ya vifuniko nikitafuta tundu la msumari. Aliyepaka rangi alikuwa fundi mzuri, aliziba kila kitu. Nilisimama pale ulipokuwa ukikaa, nimeushika ukuta, nikalia mbele ya mtoto wa watu. Alinisogezea kiti, akapunguza redio. Nilinunua chaja ambayo siihitaji nikatoka.

Najua ungesema nini. Ungesema, "Weka chochote, Zainabu, nani atajua?" Wewe mwenyewe hukuwahi kuweka kitu cha kubuni. Uliposahau rangi ya ndoo ya Sista Akinyi ulimpigia simu Homa Bay kumuuliza. Sikuwa na mtu wa kumpigia. Jamani, hicho ndicho kinachoniuma siku zote, si kwenye ukuta tu. Nikiwa na swali kuhusu wewe, wewe ndiye ningekuuliza. Nikipika wali ukashika chini, nachukua simu nikuulize. Mvua ikianza saa tisa, miguu yenyewe inaelekea kule. Watu husema miezi minane ni mingi. Sijui wanahesabia nini.

Jana ilikuwa Ijumaa, na sikuwa na siku nyingine. Nilikibandua kile kioo pia. Nikachukua wembe nikaukata ukuta wa nne wote, nikaacha upande ule wazi. Nikausugua kwa msasa usimkwaruze Nyanya. Nikampelekea akiwa ametoka kuswali, bado yuko kwenye mkeka.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akaanza kukisoma kwa ncha ya kidole, taratibu, na mimi nikamwambia kila alichogusa. Hii kaunta. Hizi droo, hii moja ndiyo iliyokwama. Hiki kigoda changu, na haya malapa yangu. Akatabasamu kwenye malapa. Halafu kidole kikafika pale pasipo na kitu, kikatoka nje, kikarudi, kikatoka tena.

Akauliza, "Na hapa?"

Nikamwambia hapo ndipo ulipokaa, na ukuta wa nyuma yako sikuweza kuuweka kwa kuwa siukumbuki.

Unamjua mamako. Hakunihurumia. Akasema, "Umekaa mbele yake tangu una meno ya utoto. Ulikuwa unaangalia wapi miaka yote hiyo?"

Na mimi, kabla sijafikiri, nikajibu, "Nilikuwa namwangalia yeye."

Nilipolisema ndipo nikalijua. Niulize ukuta nishindwe. Niulize nyusi zako, ile ya kushoto iliyopanda juu ukisikia mtu anakudanganya. Niulize pini ulizobana mdomoni ukaweza bado kupatana bei na watu. Kidoti chini ya jicho. Namna ulivyokuwa ukilamba ncha ya penseli ingawa uliniambia mimi nisilambe. Unywele mmoja mweupe uliotoka kila siku chini ya mtandio, mahali pale pale, na kila siku ukaurudisha kwa kidole cha mwisho kwa sababu vingine vina gundi. Ningeweza kukuchora nikiwa usingizini, na wewe ndiye kitu pekee ulichonifundisha nisichore.

Nyanya alifumba macho. Nikadhani amesinzia, huwa anasinzia siku hizi katikati ya maneno. Halafu akakigeuza kile kiberiti, ule upande ulio wazi ukaelekea kwake, akakiegemeza kifuani, juu ya kanga, akakifunika kwa viganja.

"Basi mwache aegemee hapa," akasema.

Amelala nacho. Leo mchana nilipotaka kukifungia kwenye begi kisivunjike alikataa, akasema atakibeba mwenyewe mpaka Keroka.

Nakuaga hapa, Shangazi, ukurasa unaisha na mabegi hayajafungwa kamba. Ulale salama pale makaburini chini ya ule mti wa mvinje, Mungu akupe nafasi na mwanga. Sitaubuni ukuta wako, wala sitamruhusu mtu aubuni. Na ninakuahidi jambo moja. Kila Jumapili ya pili nitakwenda Keroka na daftari, nitaketi mbele ya Nyanya kama nilivyokuwa nikiketi mbele yako, na nitamchorea kila kilicho nyuma yake, msumari hadi msumari, maadamu bado yupo wa kuniuliza maswali. Nikirudi ukurasa ukiwa mtupu, utajua nilikuwa naangalia wapi.

Wako,
Zainabu