Shubiri Saba

Jumatatu, 3 Juni

Siku thelathini na moja za ndoa! Nimezihesabu kwenye kalenda ya ukutani, kisha nikaibusu kalenda. Mjinga mimi. Lakini raha iliyoje!

Mume wangu amekwenda kituo cha polisi kusaini. Kila Jumatatu na Alhamisi, ndilo sharti la dhamana. Pasipoti wanayo wao. Nchi jirani inamtaka. Eti kule alikuwa na mke, na mke huyo alitoweka siku ya arobaini baada ya harusi. Wanataka apelekwe akashtakiwe kwa mauaji. Yeye! Mtu anayemsindikiza nzi dirishani kwa gazeti ili asimuue!

Wamekosea mtu tu. Hati yao inasema mnene, mwenye ndevu. Wangu ni mwembamba, kidevu kama cha mtoto. Picha waliyotuma ni nakala ya nakala — uso wote wino.

Alipotoka alibisha mlango kwa ndani, mara mbili, kama kawaida yake. Nikamwuliza, sasa unambishia nani? Akasema anawajulisha walioko nje kwamba anatoka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya kupimwa! Kila Ijumaa asubuhi, nikiwa bado nimejilaza, hunipima kwa shubiri kutoka kisigino mpaka utosi. Mkono wa seremala, unakwaruza kama msasa. Shubiri saba kamili. "Zilezile, mgeni wangu. Hujapungua." Mgeni wangu! Mke gani mwingine duniani anaitwa hivyo?

Mchana nilikwenda kwa wakili wetu, peke yangu. Hutafuna karanga huku anasoma. Akanieleza kwamba mahakama ya hapa haiamui kama mtu aliua. Hiyo kazi ya kule. Hapa wanauliza tu: huyu ndiye, au siye? Akataka mimi mke niape kwa maandishi, nieleze mume wangu ni mtu wa namna gani.

Nikaandika kurasa nne! Shubiri, mlango, mgeni wangu, vyote. Wakili akacheka mpaka karanga zikampalia. "Mama, hakimu hatongozwi." Nikamwambia aache hivyohivyo, kwani hakimu hana moyo? Akatazama saa, akampa mchapaji. Nikaapa, nikasaini. Muhuri — paa! Kabla ya saa kumi kiapo kilikuwa kimeshafika mahakamani.

Sijamwambia mume wangu. Nataka iwe zawadi.

Jumatatu, 10 Juni

Amekwenda kusaini. Nilikuwa natafuta uzi, nikaikuta bahasha ya wakili juu ya kabati. Jalada kutoka kule. Mume wangu alinikataza nisilisome, alisema litaniumiza bure. Nimelisoma nikiwa nimesimama.

Kuna barua. Za yule mke kwa dada yake. Zimechapwa upya, kila ukurasa una muhuri.

"Dada, mwenzio nimepata! Ananipima kwa shubiri kila Ijumaa. Saba kasoro vidole viwili, lakini anasema nitafika."

"Hubisha mlango kwa ndani, dada! Nimeshindwa kumzoea kwa kucheka."

"Ananiita mgeni wangu. Nani mwingine anaitwa hivyo?"

Alama za mshangao nyingi kama zangu. Kama barua niliyoandika mwenyewe nikasahau.

Ya mwisho aliiandika siku ya thelathini na nane. Nimetazama kalenda yangu. Leo.

Jumanne, 11 Juni

Wakili amepiga simu. Wakili wa serikali ameomba nihojiwe juu ya kiapo changu, Jumanne ijayo. "Ameweka kurasa zako na zile barua pamoja, mama." Hakutafuna kitu. Nakala ya kiapo ameshamtumia mume wangu.

Jumatano, 12 Juni

Siku ya arobaini. Niliamka kabla yake, nikamsikiliza akipumua.

Hakuna kilichotokea.

Yaani — baada ya chakula cha mchana alisoma kurasa zangu nne mezani. Polepole, kidole kikifuata mistari. Hakukasirika. Akasema nimeandika vizuri.

"Lakini mimi sijawahi kukupima."

Nikadhani utani, nikacheka. Hakucheka.

"Umetia chumvi, mke wangu. Bibi harusi hutia chumvi. Utamwambia hakimu hivyohivyo, na mambo yataisha."

Mke wangu. Akaenda karakana. Hakubisha mlango.

Ijumaa, 14 Juni

Nilijilaza, nikanyoosha miguu, nikangoja. Alinipita akaenda kuoga.

Kila kitu kimebadilika. Analala upande wa ukutani. Chai hatii sukari. Anapiga mluzi, na sikujua kwamba anajua kupiga mluzi! Siku mbili tu, kama mtu anayevua shati.

Shangazi alikuja na maneno yake. "Hee! Wiki sita tu mmeshanuna? Bwana harusi leo kama mume wa jirani!" Tukacheka wote watatu. Mume wangu ndiye aliyecheka zaidi.

Naona aibu kuandika hili. Nililia, na si kwa hofu. Namtamani yule wa kwanza. Nikisema nilitia chumvi, naachiwa huyu. Nikisema kweli, wanampeleka yule. Na yule mwenzangu wa barua, je? Yuko wapi?

Jumapili, 16 Juni

Mchana alisinzia kwenye kochi. Nilimwinamia, nikauchukua mkono wake nitandaze vidole juu ya wangu, nijue tu kama ni mkono uleule. Vidole vikafunga ngumi. Macho yamefumba vilevile. Pumzi ileile ya mtu aliyelala.

Jumanne, 18 Juni

Naandikia kwenye benchi, ukumbini nje ya chumba cha mahakama. Mashine ya kurekodi imegoma, hakimu ametoa dakika kumi. Niko chini ya kiapo, siruhusiwi kuongea na mtu.

Wakili wa serikali ni mama mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Aliniuliza swali moja tu. "Bibi, hayo uliyoyaandika ni kweli, au ulitia chumvi?" Hapo ndipo mashine ikazima. Sijajibu.

Mbele yangu amekaa mwanamke wa makamo, mkoba magotini. Karani alimwita dada wa marehemu. Akamrekebisha: "Wa aliyepotea." Amesafiri siku mbili. Ananitazama kama mtu aliyekuja kumpokea ndugu yake kituoni, ameshuka mwingine.

Mume wangu alitaka kuniletea maji, afande akamrudisha. Akamwambia afande, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie mke wangu asiogope. Leo tunarudi nyumbani wote wawili."

Mashine imepona. Karani ananiita. Anasema kizimbani siruhusiwi kuingia na karatasi yoyote, daftari hili nimwachie mtu. Mume wangu amesimama, amenyoosha mkono alipokee. Anatabasamu. Na yule dada naye amesimama, naye amenyoosha mkono, na karani anasema fanya haraka mama, na mimi —