Ruhusa za Kompyuta ya Mapokezi

Alhamisi, 27 Februari

Fundi wa kompyuta amekuja asubuhi. Ilikuwa lazima. Mashine yangu ya mapokezi ilishajaa matangazo — unafungua fomu ya mgonjwa wa macho, linatokea tangazo la kupunguza tumbo. Mama mmoja aliliona juzi akadhani namsema yeye!

Fundi ameweka kitu kwenye kivinjari, kialama kidogo juu pembeni. Kazi yake kuzuia skripti. Nikauliza skripti ndiyo nini. Akasema ukurasa ukifunguka hauji peke yake, unakuja na wapambe: huyu analeta kalenda, yule video, mwingine yuko tu anachungulia unachoandika. Sasa wote watazuiwa mpaka mimi niseme nani apite.

Mimi! Miaka kumi na tisa nimekaa nje ya mlango wa Daktari nikiamua nani aingie, nani asubiri. Kazi hiyo si ngeni kwangu.

Nilitania hivyo, Msimamizi hakucheka. Amenipa wiki moja. Ikifika Ijumaa ya wiki ijayo bado nasuasua, usajili wa wagonjwa wa upasuaji anampa dada wa famasi, na mimi narudi kubeba mafaili. Amesema kwa sauti, mbele ya foleni. Haya.

Ijumaa, 28 Februari

Fomu ya usajili nyeupe pee. Nikibonyeza kile kialama naona majina saba, kila moja na vitufe vyake. Nimebonyeza weee. Mfagiaji amesema labda imechoka, niizime niiwashe. Nimezima. Nimewasha. Pee.

Wagonjwa nimewaandika kwa mkono. Daktari nilimwona akiitazama ile karatasi.

Jumapili, 2 Machi

Nilinakili orodha yote kwenye daftari nikaja nayo nyumbani. Ngazi za kumwekea kila jina ni nne. Nimezipa majina yangu mwenyewe: Simjui. Namwamini. Namwamini kwa leo tu. Simtaki. Ile ya "kwa leo tu" inafutika ukifunga kivinjari. Na mimi Ijumaa nilikuwa nafunga kila baada ya dakika tano!

Mzee wangu amejitolea kuwa mpambe. Kasimama mlango wa jikoni: "Hodi, mimi kalenda." Nikamwambia pita, lakini kwa leo tu. Akaingia, akatoka, akarudi tena bila hodi. Nikamrudisha. Umetoka, ruhusa imekwisha! Amecheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akauliza, na yeye baada ya miaka thelathini ya ndoa yuko ngazi gani. Nimemwambia kwa leo tu, kesho tutaangalia.

Jumatatu, 3 Machi

IMEFANYA KAZI!!

Nimegundua visanduku vidogo vinavyotokea ukigusa ngazi: skripti, video, aina za herufi na kadhalika. Nikaweka tiki kwenye skripti. Fomu yote ikafunguka, na tarehe zake, na kitufe cha kutuma. Wagonjwa kumi na mmoja kabla ya saa sita. Msimamizi amepita, "Umeweza, mama!" Daktari akatoa kichwa mlangoni akanipigia makofi.

Nimetembea mpaka kituoni kama bibi harusi. Nani alisema umri wangu hauwezi kompyuta?

Jumanne, 4 Machi

Kumi na wanne leo. Kila kitu kinafunguka, hata kurasa ambazo sijazigusa.

Dada wa famasi ameomba nimfundishe. Nikamwambia mtaka cha uvunguni sharti ainame, nikamvutia kiti. Alisikiliza vizuri. Mwisho akauliza, kwa hiyo hapa umemzuia nani? Nikasema wote wasiofaa. Akasema mbona haoni hata mmoja aliyezuiwa. Nikamwambia muda wa chai umekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Sikula mchana. Swali la yule binti halijanitoka tangu jana, nikafungua daftari nikaanza mwanzo.

Ile tiki niliiweka kwenye ngazi ya Simjui. Na visanduku vile si vya jina moja — ni vya ngazi nzima! Ukigusa kimoja, umegusa kwa kila aliye kwenye ngazi hiyo. Yaani nilichosema ni hiki: kila nisiyemjua, apite. Dunia nzima! Siku mbili na nusu, wagonjwa zaidi ya thelathini, majina yao, namba za vitambulisho, simu, maradhi yao — mlango wazi, na mimi natembea kifua mbele. Aibu niliyoiona, masikio yalikuwa ya moto.

Ningeweza kuitoa tiki kimyakimya. Nani angejua? Lakini wale wagonjwa wananipa vitambulisho vyao mkononi, wengine hata hawaoni ninachoandika. Nikaenda kwa Msimamizi, nikamwambia kosa ni langu. Akasema, lakini inafanya kazi, si ndiyo? Nikasema inafanya kazi kwa sababu haizuii mtu. Akasema nisiharibu kilichonyooka, na Ijumaa yake iko palepale.

Halafu famasi. Nimemwambia yule dada, swali lako lilikuwa la maana na mimi nilikukatiza. Ilikuwa chungu kama shubiri lakini nimeisema.

Tiki nimeitoa. Fomu imerudi pee.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sikubahatisha. Jina moja, pakia upya ukurasa, tazama, andika. Jina la kliniki yetu: Namwamini. Fomu ikaja bila tarehe. Jina la kalenda: Namwamini. Tarehe zikaja. La tatu ni la wenye fomu yenyewe, kampuni inayotuhifadhia taarifa: Namwamini. Kitufe cha kutuma kikaamka!

Matatu tu. Kati ya saba! Wanne waliobaki ni watu wa matangazo na wachunguzi. Simtaki, Simtaki, Simtaki, Simtaki. Na hakuna kilichoharibika. Nimefunga kivinjari, nimefungua, ruhusa zipo.

Hakuna aliyepiga makofi leo. Jumatatu nilishangiliwa kwa kitu nisichokielewa. Hii naijua kila kona. Nimejinunulia soda, nikainywa peke yangu nyuma ya jengo, roho kwatu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu na robo. Naandika hapahapa mezani, simu nimeibana begani, inaniimbia muziki wa kusubiri.

Fomu imefunguka vizuri lakini kitufe cha kutuma kimya. Nimeangalia orodha. Majina manane. Jana yalikuwa saba. Hili la nane ni herufi na namba tupu, halisomeki, liko kwenye Simjui, limezuiwa. Nimefungua kurasa nyingine zote za wenye fomu — halipo. Liko pale tu mgonjwa anapoandika kitambulisho chake.

Foleni watu tisa. Nawaandika kwenye karatasi. Dada wa famasi amekuja bila kuitwa, anawapanga.

Msimamizi kaja mara ya kwanza: weka kama ilivyokuwa Jumanne. Nikasema hapana. Mimi, kumwambia hapana!

Nimepiga kwa wenye fomu. Aliyepokea akasema ruhusu zote tu mama, ni kawaida. Nikamsomea lile jina, herufi moja moja. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akasema nisiguse kitu, anaita wakubwa. Dakika ishirini sasa.

Msimamizi amerudi. Anasema leo ni Ijumaa, anajua nami najua. Anasema nisogee abonyeze mwenyewe. Amenyoosha mkono. Nimekifunika kipanya kwa kiganja cha kushoto, naandika kwa cha kulia. Sisogei. Anirudishe kwenye mafaili akitaka, lakini kwa kitu nilichokielewa, si kwa ujinga.

Muziki umekatika. Sauti ya mwanamke, anahema kama aliyepanda ngazi mbio. Anasema hilo jina si lao, kuna mwizi kalipenyeza kwenye fomu. Anauliza kliniki yetu imeliruhusu tangu saa ngapi, maana kliniki nyingine zote zilizopiga asubuhi hii zimesharuhusu.

Nimemjibu: hapa halijapita. Nimelisema kwa sauti, foleni nzima isikie. Mkono wa Msimamizi bado uko juu ya meza yangu.