Karatasi za patoni

Ndugu yangu, nimeharibu. Nimeharibu vibaya!

Unajua zile karatasi zinazoharibika kazini tukichapa vitabu, huwa nampelekea mama mdogo, yule shoga wa mama, fundi cherehani, akatie patoni za kupimia nguo. Leo nimembebea rundo bila kuangalia. Kumbe ni za kitabu cha mama! Riwaya yake ya kwanza, ya urafiki wao tangu utotoni.

Na mama alinikanya kabisa: "Asiione mpaka nimsomee mwenyewe."

Mama mdogo kashika mkasi, mara akaganda. Anasoma. Ni pale mmoja anapoficha barua ya mwenzake ya kuitwa chuo cha uuguzi, ili asimwache.

"Hii barua ni yangu?"

Nikaanza kuzikusanya zile karatasi.

"Miaka arobaini nashona nikijua sikuitwa. Wewe mtoto, hii barua ni yangu?"

Mkasi bado mkononi, kaka! Akasema, "Mwambie mama yako aje kupima gauni la kuzindulia kitabu chake. Aje sasa hivi."

Nimefika nyumbani, nikamwambia mama ameshaisoma.

Hata hakunitukana. Kafungua sanduku lake, katoa bahasha kuukuu, kavaa viatu, katoka nayo.