Jitu Lililokosa Usingizi

2 Machi

Shikamoo shangazi,

Natumaini u mzima na ule mguu umeacha kukusumbua. Mimi mzima, ila kwa furaha sijui nianzie wapi. Nimepata studio! Jumamosi ya wiki ijayo narekodi wimbo wangu wa mwanamke wa jiwe. Ni hadithi aliyonisimulia baba: jitu linamtwika mwanamke jiwe mgongoni, kisha linakwenda kulala. Yeye anavumilia kimya, hasemi hata "ah", mpaka jiwe linageuka dhahabu. Nikiuimba kiwandani wakati wa chakula, wenzangu wanalia. Tunashona mashati chumba kizima, madirisha yamepigiliwa misumari, eti vumbi litachafua kitambaa. Jiwe tunalijua.

Niombee sauti isikauke.

Mwanao

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hongera! Nimeruka kwa mguu mmoja hadi jirani akagonga ukuta. Sasa nisikilize. Kimya? Nani kakwambia alinyamaza? Hadithi, mashairi, nusu ya nyimbo za redioni, kote wamejaa watu wa kuvumilia, na majitu yanawapenda kweli kweli, mradi anayeumia afunge mdomo angoje dhahabu. Huo si uvumilivu, ni ganzi!

Bibi yako alitusimulia hadithi hiyo mimi na baba yako tukiwa kwenye mkeka mmoja. Yule mwanamke aliimba. Mstari uleule, "Nitue, au tukeshe wote," jiwe likiwa mgongoni, hadi jitu likakosa usingizi, likaja lenyewe, macho mekundu, likamtua. Baba yako hakuwahi kufika hapo. Jitu likitokea tu, yeye anakoroma! Hiyo dhahabu kaiota.

Badilisha mwisho.

Shangazi yako, mwenye hasira na mapenzi

8 Machi

Shikamoo shangazi,

Hasira haijambo? Nimemuuliza baba. Kaapa alikuwa macho. Mama kacheka mpaka kakaa chini.

Lakini kwako ni rahisi. Unaandika makala, mhariri ananuna, kesho unaandika nyingine. Mimi nafasi hii nimeililia tangu nimalize shule. Mwenye studio keshaniambia, "Dada, watu wanataka dhahabu." Na wenzangu je? Nikiwanyang'anya dhahabu niwape nini? Macho mekundu ya jitu?

Mwanao aliyechanganyikiwa

11 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye, Jumamosi inakuja mbio. Unauliza uwape nini. Wape mstari wa kuimba pamoja! Kwenye dhahabu wao ni wasikilizaji tu: wanalia, wanafuta machozi, wanarudi cherehani, na misumari iko palepale.

Hata hivyo wimbo ni wako. Ukiimba dhahabu nitaununua, nitaulalamikia, kisha nitaununua tena nimpe jirani.

Shangazi yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? U hai? Jumamosi imepita na nyingine mbili juu yake, nawe kimya. Je, nimekuharibia? Sijalala vizuri.

Halafu leo asubuhi kinyozi wa hapa chini anamnyoa mteja huku anaimba, "Nitue, au tukeshe wote." Nikatoka na kanga na kandambili za miguu tofauti. "Umeutoa wapi?" Kasema mkewe kaja nao kutoka kazini. Kazini wapi? Kiwanda cha mashati! Andika, mtoto wewe, kabla sijapanda basi!

Shangazi yako

5 Aprili

Shikamoo shangazi,

Usipande basi, mguu huo! Nisamehe, nilikuwa na aibu. Studio nilitolewa. Nilipofika kwenye jitu kukosa usingizi, yule bwana akazima mitambo, akaita mwimbaji mwingine.

Nilirudi kiwandani macho yamevimba. Wakaniuliza, nikawaimbia mwisho wa bibi. Shangazi, waliudaka! Chumba kizima, mikono ikishona, mstari mmoja: "Nitue, au tukeshe wote." Msimamizi alifoka. Akatishia kutufukuza. Atufukuze wote, mashati ashone nani? Akaweka pamba masikioni. Sisi tunaimba tu, asubuhi hadi jioni, wiki ikaisha, nyingine ikaja. Akasema wimbo unamfuata hadi kitandani.

Jana kaingia na nyundo, macho mekundu kama pilipili. Kang'oa misumari, dirisha moja baada ya jingine. Upepo ukaingia, vitambaa vikaruka hadi darini, na sisi tukapiga vigelegele mpaka walinzi wakaja mbio!

Baba alikuja jioni, nikamwimbia wote. Safari hii alikaa macho hadi mwisho, naapa. Akajikuna kichwa.

"Vizuri sana, mama," akasema. "Na dhahabu?"

Mwanao, mwenye sauti iliyokauka